Mnamchorea Nani Ramani Hizi?

Ingia ofisi ya kijiji chochote kilichowahi kupitiwa na mradi wa ardhi, utaikuta. Imebandikwa juu ya kiti cha mtendaji, kati ya picha ya Rais na kalenda ya duka la pembejeo, imelaminishwa ikang'aa mpaka mwanga wa dirishani unakuzuia kuiona. Ni ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi. Sogea, ikague. Kichwa chake ni cha Kiingereza. Kwenye ufunguo, palipotakiwa kuandikwa "malisho", pameandikwa "LU_graz_final2", jina la faili kama lilivyokaa kwenye kompyuta ya mtaalamu, halikuguswa. Kijani cha mashamba na kijani cha malisho vinatofautiana kwa kiasi ambacho ni kompyuta tu inayoweza kuapa kwamba hizo ni rangi mbili. Ukubwa wa kila eneo umeandikwa kwa hekta, na baada ya nukta zikafuata tarakimu sita, yaani pori zima limepimwa mpaka kipande cha ukubwa wa kiganja. Kisima hakipo. Mbuyu ambao wazee wote wanautaja kuwa ndio mpaka na kijiji jirani haupo. Njia ya ng'ombe kwenda mtoni haipo. Mshale wa kaskazini upo, mkubwa, wenye nakshi, umekalia kona nzima.

Kijiji hicho, kama vingi vya Morogoro na Manyara, kina wakulima na wafugaji wasioelewana. Ramani ililetwa iwaamue. Mkulima akisimama mbele yake anaona shamba lake liko ndani ya kijani chake. Mfugaji akisimama palepale anaona malisho. Hakuna anayedanganya, karatasi yenyewe ndiyo haisemi. Wanamgeukia mtendaji. Mtendaji anamgeukia afisa ardhi wa wilaya. Afisa ardhi anasema faili analo mshauri aliyekuja na mradi, na mshauri amekwisha kulipwa, yuko mkoa mwingine anabandika ramani nyingine.

Sitamung'unya maneno. Ndugu zangu mnaojiita wataalamu wa GIS, yaani mifumo ya kompyuta ya taarifa za kijiografia, wengi wenu hamchori ramani. Mnatoa ripoti ya kompyuta, mnaipaka rangi, mnaizungushia fremu na kuombea malipo. Ramani ni karatasi inayomwezesha mtu mwingine, asiyekuwa wewe, kujua mahali. Kama ukitoka wewe chumbani na maana nayo inatoka, hujachora kitu.

Jibu lenu nalijua, nimelisikia kwenye semina za kutosha: muhimu ni data kuwa sahihi, muonekano ni mbwembwe, waachiwe wasanii. Kwa hiyo kijana anakesha porini na kifaa cha GPS, anapigwa na jua, anapigana na siafu, anarudi ofisini anasafisha pointi zake moja moja, halafu ile kazi yote inamaliziwa katika saa moja ya mwisho kabla ya kuwasilisha: weka mshale, weka skeli, weka ufunguo, hifadhi PDF. Jasho lote lile limeishia kwenye karatasi ambayo mwenye ardhi hawezi kuisoma. Huko si kulinda data. Huko ni kuifukia.

Tunavuna tulichopanda vyuoni. Mwanafunzi anafundishwa kubonyeza. Atajua kukata leya kwa leya nyingine, atajua kuunganisha jedwali la sensa na mipaka ya kata, atajua kuita picha za satelaiti na kuzigawa kwa rangi. Muulize kwa nini amechagua madaraja matano na si manne, kwa nini maandishi ya jina la mto yamepinda au hayakupinda, kwa nini barabara ya lami na njia ya miguu zina unene mmoja. Atakwambia programu ndiyo ilivyotoa. Amehitimu, ana cheti, na kila uamuzi unaoonekana kwenye ramani yake umefanywa na mtu aliyeandika programu Marekani au Ulaya bila kujua kwamba kuna mahali panaitwa Kiteto.

Na hapa historia inachekesha, kama una moyo wa kucheka. Mbegu ya GIS yenyewe ina udongo wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya upigaji picha za anga ya Ottawa, Spartan Air Services, ilikuwa na kazi ya kutafuta maeneo ya kupanda misitu Kenya. Roger Tomlinson, kijana aliyekuwa akifanya kazi hapo, alipiga hesabu ya kulinganisha ramani zote zilizohitajika kwa mkono, akaona gharama yake haibebeki. Akawaza: kwa nini kompyuta isifanye? Wazo hilo alilipeleka kwa serikali ya Kanada, iliyokuwa inataka kuorodhesha ardhi yake, na kuanzia 1963 ukajengwa mfumo ambao leo unatajwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Angalia vizuri ulijengwa kwa ajili gani. Ulijengwa kuhesabu: hekta ngapi zina udongo huu, mteremko huu, mvua hii. Zao lake kubwa lilikuwa majedwali ya takwimu. Mashine hii ilizaliwa kuhesabu, haikuzaliwa kuonyesha. Kuonyesha kuliachwa kwa binadamu, na binadamu wetu ameona kazi hiyo si yake.

Wanaosema muonekano ni urembo wajaribu zoezi hili moja. Chukua msongamano wa watu kimkoa kwa Sensa ya Tanzania ya 2022. Nchi ina mikoa 31. Iambie programu igawe madaraja matano yenye upana sawa. Dar es Salaam na Mjini Magharibi, zenye watu wanaokaribia 4,000 kwa kila kilomita ya mraba, zinabaki peke yao juu kabisa, na karibu mikoa yote iliyobaki inarundikana daraja la chini. Nchi nzima inapauka, vidoa viwili vyeusi baharini. Sasa badilisha, iambie kila daraja lipate idadi sawa ya mikoa. Ghafla Mwanza inavaa rangi ileile ya Dar es Salaam, ilhali msongamano wake ni karibu sehemu ya kumi tu ya ule wa Dar. Data haikubadilika hata chembe. Jedwali ni lilelile. Ramani ya kwanza inamwambia waziri kwamba tatizo la msongamano ni la miji miwili; ya pili inamwambia kuna kanda nzima inafurika. Zote mbili ni "sahihi". Programu za QGIS na ArcGIS hata zenyewe hazikubaliani zianze na njia ipi, na mtaalamu wetu anapokea ile aliyokutana nayo kwenye kompyuta ya ofisi. Hapo muonekano ndio umekuwa hoja, na hoja hiyo haikutolewa na mtu yeyote.

Kuna dhambi nyingine kubwa kuliko hiyo, tena imezoeleka hadi magazetini na runingani: kupaka eneo zima rangi kwa idadi ya watu au ya matukio. Tabora ina zaidi ya kilomita za mraba 76,000. Dar es Salaam haifiki 1,500. Tabora ilihesabiwa watu milioni 3.4, Dar milioni 5.4. Paka mikoa hiyo rangi kwa idadi ya wagonjwa, wapiga kura, wanafunzi, chochote, na jicho litaiona Tabora kwanza kwa sababu imejaa karatasi, huku Dar, mahali watu walipo, ikiwa doa lisilotosha hata kuandikiwa jina. Wakenya wanaliona hili kila usiku wa matokeo ya uchaguzi. Marsabit, yenye zaidi ya kilomita za mraba 60,000 na watu wasiofika nusu milioni katika sensa ya 2019, inaijaza skrini kwa rangi ya mgombea mmoja. Nairobi, yenye watu milioni 4.4 ndani ya kilomita za mraba zisizofika 700, inatafutwa kwa kidole. Halafu tunashangaa mtu anapodai kura zimeibwa kwa kuwa "nchi yote ilikuwa rangi yetu". Dawa inajulikana tangu karne ya 19: chora duara zinazokua kwa kadiri ya idadi, au gawanya idadi kwa watu waliopo au kwa ukubwa wa eneo. Hakuna programu ya GIS isiyoweza kufanya hivyo. Ni dakika kumi.

Hayo ni makosa ya kupotosha. Sasa tuje kwenye uzembe unaoweza kumvunjia mtu nyumba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria nzuri. Anayeuliza kwa nini ipo, akaulizie Bonde la Msimbazi mvua za Desemba 2011 zilifanya nini. Sasa tazama inavyogeuka ramani. Mtaalamu anachukua mstari wa mto alionao kwenye faili, anabonyeza zana ya bafa, ile ya kuchora mkanda kandokando ya mstari, anaandika 60, anapaka nyekundu. Kazi imekwisha, na mkanda umepita katikati ya mtaa.

Mstari ule wa mto umetoka wapi? Mara nyingi ulifuatishwa kutoka karatasi za zamani za skeli ya 1:50,000. Kwenye skeli hiyo, mstari wenye unene wa nusu milimita ni mita 25 ardhini. Yaani kabla hujabonyeza kitu, wino peke yake umeshakula karibu nusu ya mita zako 60. Pili, sheria inasema ukingo, lakini zana inapima kutoka kwenye mstari, na mstari kwa kawaida umechorwa katikati ya mto. Mto mwembamba, si neno. Mto unaotanuka kama Msimbazi, umemwibia mtu au umemzawadia mtu mita kadhaa bila idhini ya Bunge. Tatu, mto wa mjini unahama. Unachimbwa mchanga, unajazwa taka, unakata kona mpya kila masika, wakati faili linabaki na mto wa miaka hiyo.

Na la nne, ambalo ndilo la aibu kuliko yote. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa datamu, yaani msingi wa kupimia mahali, iitwayo Arc 1960. GPS ya simu yako inatumia WGS84. Ukizichanganya bila kubadili, vitu vinasogea takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Mita mia tatu! Hiyo ni mitaa mitatu ya uswahilini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anapaswa kulijua hili hata akiamshwa usiku wa manane, na bado zipo ramani zinazotembea maofisini zikiwa na mto ulioko upande mmoja wa barabara kwenye karatasi na upande mwingine kwenye dunia.

Ukiangalia ile ramani iliyokamilika, utaona mashaka hayo mahali popote? Hata kidogo. Utaona mstari mmoja mwekundu, safi, mwembamba, unaopita kati ya choo na jiko la mtu kwa ujasiri wa malaika. Hakuna alama ya kusema hapa tuna uhakika, hapa hatuna. Mstari huo ukishuka kutoka kwenye karatasi unageuka kuwa X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba. Waliokuwa Mkwajuni na mabonde mengine ya Kinondoni kati ya Desemba 2015 na Januari 2016, wakati wa bomoabomoa, hawahitaji kuelezwa X ni kitu gani. Sisemi nyumba zile zilivunjwa kwa sababu ya ramani mbovu. Wengi walikuwa bondeni kwelikweli, na bonde halina huruma. Ninachosema ni kwamba mtu anayewekewa X ana haki ya kuonyeshwa mstari umepita wapi, ulitoka wapi, na unaweza kukosea kwa mita ngapi. Karatasi isiyoweza kujibu maswali hayo haina hadhi ya kuvunja banda la kuku.

Kuonyesha mashaka si jambo gumu. Mstari unaweza kukatwakatwa pale usipoaminika. Mkanda unaweza kufifia taratibu badala ya kukoma kwa kisu. Sentensi moja ya Kiswahili chini ya ramani inatosha: mpaka huu umepimwa mwaka fulani, kwa njia fulani, usitumike kuamua nyumba mojamoja bila kwenda kupima. Hayo yote yamo kwenye programu mnazotumia, QGIS ikiwa ya bure kabisa. Hamyatumii kwa sababu mstari wenye mashaka unamfanya mtaalamu aonekane hajui, na bora mwananchi akose nyumba kuliko mtaalamu akose heshima.

Nisije nikaonekana sisikii makelele mengine. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani ya Mercator, ile ya 1569 inayoifanya Greenland ionekane inakaribia Afrika kwa ukubwa, wakati Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Darasani zitundikwe ramani zenye kuheshimu ukubwa wa mabara, kama Equal Earth iliyobuniwa 2018, na zile za zamani zifungiwe vitumbua. Lakini hasira yetu ina uvivu ndani yake. Ni rahisi kumsuta Mercator, aliyefariki 1594 na ambaye alichora kwa ajili ya mabaharia waliotaka kushika uelekeo mmoja wa dira, kazi ambayo ramani yake iliifanya vizuri mno. Ni vigumu zaidi kumsuta jirani yako wa ofisini. Na jirani yako huyo, leo hii, amefungua ramani ya msingi ya intaneti chini ya leya zake, mradi wake mzima umejipanga kwenye Mercator ya wavuti bila yeye kujua, na anapima hekta za kijiji juu yake kana kwamba dunia ni meza. Kule Songea, kijiji cha hekta 10,000 kikipimwa hivyo bapa kinanenepa kwa zaidi ya hekta 300. Hekta hizo hazipo popote isipokuwa kwenye cheti. Addis Ababa wapaze sauti, sawa. Na sisi tufungue mipangilio ya projeksheni kwenye kompyuta zetu wenyewe.

Msiseme nabomoa tu. Wapo waliofanya kazi hii kama inavyotakiwa, tena hapahapa.

Nairobi ilikuwa na matatu miaka mingi bila ramani ya njia zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na Columbia na MIT waliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu mikononi, wakarekodi njia zaidi ya 130 na vituo vyake. Wangeweza kuishia pale wanapoishia wengi: kumwaga nyuzi zote za GPS juu ya picha ya satelaiti, mistari mia imelaliana kwenye barabara moja, wakaiita ramani. Hawakuishia hapo. Walikaa na nyuzi zile wakazinyoosha, wakazipanga sambamba, wakazipa rangi kwa kufuata barabara kuu ambazo abiria anazijua, Thika Road huku, Ngong Road kule, wakaandika vituo kwa majina yanayotamkwa na makonda. Walijifunza kwa Harry Beck, fundi mchoraji aliyetambua mwaka 1931 kwamba abiria wa treni za chini ya ardhi za London hahitaji kujua kona za reli, anahitaji kujua ashukie wapi abadilishe. Ramani hiyo ya matatu ilitoka 2014, ikasambaa magazetini, watu wakaanza kubishana juu yake, na serikali ya jiji ikaichukua kuwa ramani yake rasmi. Hapo ndipo ujue ramani imesomwa: ikibishaniwa na abiria. Ukiniuliza, watu wale walidanganya kuhusu jiografia kwa makusudi, walipindisha umbali na kunyoosha kona, na ramani yao ni ya kweli kuliko karatasi nyingi zenye mihuri.

Kabla yao, mwaka 2009, vijana wa Kibera walianza kuchora makazi yao kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzia Uingereza 2004, mahali ambapo kabla yao palikuwa weupe mtupu. Asiyekuwapo na lake halipo, na Kibera ilikuwa haipo. Kinachonivutia zaidi si kule kuchora, ni kilichofuata: walichapa ramani kwenye karatasi, wakaziweka mbele ya wakazi, wakaweka na karatasi za kufuatishia juu yake na kalamu za rangi, wakawaambia sahihisheni. Mama muuza mboga akawa mkaguzi wa ramani. Dar es Salaam nako, kuanzia 2015, Ramani Huria iliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani, kata kwa kata, wakiandamana na wenyeji, wakaandika mitaro, makaravati na mahali maji yanaposimama. Mjumbe anayejua kwamba mtaro wa nyuma ya msikiti huziba kila Aprili alikuwa na kitu ambacho satelaiti haina, na kwa mara ya kwanza kilipata kuandikwa.

Lakini hata urithi huo tunauchezea. Data ya mitaro ipo, ya bure, yeyote anaweza kuipakua usiku huu. Inapofika kwenye ripoti inakuwa tena doa la buluu juu ya picha ya satelaiti yenye giza, majina ya kata kwa herufi ambazo mzee wa miaka sitini hawezi kuzisoma hata kwa miwani, na chini kabisa ukanda wa nembo za wafadhili, saba, nane, zimepangwa kwa ustadi, zina rangi sahihi, hazikupishana hata milimita. Kumbe kupanga mnajua.

Halafu kuna mashine ya fotokopi. Hakuna mchora ramani wetu anayeifikiria, na ndiyo matbaa ya kweli ya nchi hii. Ramani ya rangi inafika wilayani nakala moja. Kata inataka, kijiji kinataka, mwenyekiti wa kitongoji anataka, kwa hiyo inapelekwa steshenari ya jirani, kopi shilingi mia, nyeusi na nyeupe. Pale nyekundu ya hatari na kijani ya usalama zinatoka kijivu kimoja. Mwenyekiti anaondoka na karatasi inayosema kata nzima ni salama, au kata nzima ni hatari, achague. Nyekundu na kijani hata kwenye rangi kamili ni jozi mbaya, kwa kuwa wapo wanaume wasiozitofautisha tangu kuzaliwa, na wengi wao hawajui kama hawatofautishi. Rangi moja inayokwenda kutoka nyepesi hadi nzito haina matatizo hayo, inavumilia fotokopi, inavumilia macho. Cynthia Brewer wa Penn State alitengeneza jedwali zima la rangi zilizopimwa kwa kazi hii, ni bure, na tayari limo ndani ya QGIS. Unalichagua kwa kubonyeza. Si mnapenda kubonyeza?

Kwa hiyo ninayemtaka sasa si mchoraji peke yake. Namtaka anayelipa. Mkurugenzi wa halmashauri, mratibu wa mradi, bosi wa shirika: ninyi ndio mnaotia saini. Mnapokea ramani kwenye projekta, ukumbi wa hoteli, mwenye kuichora akiwa amesimama pembeni anaieleza. Bila shaka mnaielewa, mmesimuliwa! Toeni mtu huyo nje. Mpeni ramani, nakala ya fotokopi, mtu mmoja wa kijiji kinachohusika ambaye hakuwapo kwenye mafunzo. Muulizeni maswali matatu tu: kwako ni wapi, ng'ombe wanaruhusiwa kufika wapi, na mpaka huu unaanzia kwenye mti gani. Asipoweza kujibu, kazi haijapokelewa. Mrudishieni mtaalamu faili lake, aondoke nalo, arudi wiki ijayo na majina ya Kiswahili, na kisima, na njia ya mtoni, na jina lake mwenyewe chini ya ramani pamoja na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa.

Wataalamu mtalalamika kwamba kipengele hicho hakimo kwenye mkataba. Kweli hakimo. Mikataba yenu inadai "ramani 12 za rangi, ukubwa wa A1, zilizolaminishwa" na haidai hata mahali pamoja kwamba ziweze kusomwa na wanaoishi humo. Ninyi mnaolipa, wekeni kipengele hicho kuanzia zabuni ijayo, na nusu ya malipo ishikiliwe hadi mtu wa kijijini ajibu maswali yake.